Kujaa na Kupwa: Kiswahili na Maarifa ya Maji ya Pwani

Matini ya mhadhara wa hadhara wa taaluma za Kiswahili uliotolewa Kikwe, Arusha



1.0 Utangulizi

Awali ya yote, natoa shukrani zangu za dhati kwa waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu. Naamini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini mhadhara wa Kiswahili unaotolewa hapa Kikwe, chini ya Mlima Meru na mbali na bahari, unahusu maji ya chumvi. Swali hilo ni la haki na lina majibu mawili.

Kwanza, lugha tunayozungumza hapa imebeba bahari ndani yake. Mkazi wa Kikwe anaponyoosha kidole kuelekea mlimani na kusema kuwa mlima uko kaskazini, analitaja jina la upepo wa baharini, kaskazi, lililotiwa kiambishi cha mahali -ni. Anaposema kusini, anautaja upepo mwingine, kusi. Huenda hajawahi kuviona vyombo vilivyosukumwa na pepo hizo, lakini dira anayoitumia kila siku ni ya manahodha. Pili, maji yanayopita katika mifereji na mito ya eneo hili hayaishii hapa. Huingia Mto Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, na baada ya safari ndefu hutoka baharini Pangani. Hivyo basi, sisi wa bara tumo katika habari hii kwa lugha na kwa maji.

Hoja yangu ni hii. Kiswahili kina mfumo kamili wa maneno unaoeleza mwendo wa maji ya pwani, mfumo uliojengwa na watu ambao riziki na uhai wao vilitegemea maji hayo. Sayansi ya bahari nayo imeeleza sababu za mwendo huo kwa undani. Hata hivyo, mfumo wa maneno na mfumo wa sayansi bado havijakutanishwa ipasavyo, na gharama ya utengano huo inalipwa na watu halisi: mvuvi, mkulima wa mwani, na mwanafunzi wa jiografia. Nitaanza na mkondo na pepo, kisha nitajadili bamvua na maji mafu, joto la bahari, na uhusiano wa Meru na Pangani. Nitamalizia kwa suala la istilahi.

2.0 Mkondo na pepo mbili

Katikati ya Bahari ya Hindi, kusini mwa Ikweta, maji ya uvuguvugu husukumwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Yanapoifikia Afrika, karibu na Rasi ya Delgado kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hugawanyika. Sehemu moja hushuka kusini kuelekea Mlango wa Bahari wa Msumbiji. Nyingine hupanda kaskazini ikifuata pwani ya Tanzania na Kenya, na ndiyo wataalamu waiitayo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Mkondo huu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kinachobadilika ni nguvu zake, na mabadiliko hayo hufuata pepo.

Wakati wa kusi, kuanzia takribani Aprili hadi Oktoba, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, na mkondo huenda kasi, wakati mwingine zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Wakati wa kaskazi, kuanzia takribani Desemba hadi Machi, upepo huukabili mkondo, nao hupungua kasi. Katika miezi hiyohiyo maji ya pwani ya Somalia hugeuka na kushuka kusini. Mikondo hiyo miwili hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha hugeuka kwa pamoja kuelekea mashariki, bahari kuu.

Wanaisimu wanapaswa kuona jambo muhimu hapa. Mabaharia wetu hawakuyaita majira haya kwa hesabu ya miezi. Waliyaita kwa jina la nguvu inayoyatawala. Neno kusi si jina la upepo tu. Ni jina la msimu, la hali ya bahari, na la aina ya safari inayowezekana. Anayesema "tumeingia kusi" ameeleza kwa maneno mawili kwamba bahari imechafuka, maji yamepoa na mkondo umekaza. Ukanda wa juu wa bahari yetu huwa na nyuzi joto 25 hivi za Selsiasi mwezi Agosti, na hukaribia 30 mwezi Machi, kaskazi inapoishia. Mvuvi asiye na kipimajoto hulijua hilo kwa ngozi yake na kwa samaki anaowapata, na neno lake limelihifadhi.

3.0 Bamvua, maji mafu na mchanganyo wa maji

Sasa tuangalie mwendo wa pili wa maji, ule wa kila siku. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi hushirikiana, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa. Hiyo ni bamvua. Unguja tofauti hiyo yaweza kufika mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua hupunguza ule wa mwezi, na tofauti huweza kushuka hadi kiasi cha mita 1. Hayo ni maji mafu.

Chunguzeni maneno haya. Kitenzi -pwa ni cha silabi moja, na kama ilivyo kwa vitenzi vya kundi lake, hukaa na ku- katika baadhi ya njeo: maji yanakupwa, maji yamekupwa, lakini maji hupwa. Kutokana na mzizi huohuo tunapata pwani, mahali maji yanapokupwa. Kwa maana hiyo pwani ni eneo linalofunikwa na kufunuliwa, tena na tena. Ni jina lililojengwa juu ya mwendo. Tunapata pia pwelewa, yaani kuachwa mkavu na maji. Chombo kilichopwelewa hakikugonga mwamba wala hakikuzama. Maji yameondoka chini yake. Kwa mnyambuliko mmoja wa kitenzi, lugha imetofautisha ajali hiyo na nyingine zote za baharini.

Nalo neno maji mafu linastahili kutazamwa. Kivumishi -fu kimetokana na kufa. Maji hayo hayajakauka wala hayajaharibika. Yamekosa mwendo. Aliyeyaita hivyo alikwisha kutambua kwamba uhai wa maji ya pwani umo katika mwendo wake, na hilo ndilo sayansi inalolisema kwa njia yake.

Bahari ina matabaka. Maji ya juu hupashwa na jua, huwa mepesi, na huelea juu ya maji baridi na mazito ya chini. Virutubisho vinavyolisha mimea midogo ya baharini hupatikana zaidi chini, ilhali mwanga unapatikana juu. Ili chakula kipatikane, lazima tabaka hizo zichanganywe au maji ya chini yaibuke. Pepo hufanya kazi hiyo, na maji kujaa na kupwa hufanya sehemu kubwa yake mahali penye kina kifupi. Kati ya Unguja na bara kina cha maji ni kama mita 30 hadi 40 tu katika sehemu nyingi. Maji ya bamvua yanapopita hapo kwa kasi, husuguana na sakafu ya bahari na kuyachanganya maji kuanzia chini hadi juu. Kati ya Pemba na bara hali ni tofauti kabisa, kwani kina hufika mamia ya mita. Nguvu za maji kujaa na kupwa haziwezi kuchanganya kilindi kama hicho chote, na maji baridi hubaki chini kama akiba.

Hivyo visiwa viwili vya jirani, vyenye lugha moja na pepo zilezile, vimezungukwa na bahari mbili zisizofanana. Unguja iliungana na bara wakati wa enzi ya barafu, bahari ilipokuwa imeshuka sana. Pemba ilibaki imetengwa na kilindi chake.

4.0 Joto linapozidi

Maarifa haya yana uzito gani kwa maisha ya watu? Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni kilimo cha mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Ratiba yao haifuati wiki ya ofisini. Inafuata mwezi. Wakati wa bamvua maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, nao hushuka kufunga mbegu kwenye kamba, kuondoa uchafu na kuvuna. Wakati wa maji mafu mashamba hayafikiki kwa urahisi. Mwanamke wa Jambiani, kwa hiyo, hubeba kichwani kalenda ya bahari ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huhitaji jedwali ili aisome.

Zilikuzwa aina mbili za mwani. Ile yenye bei nzuri, inayojulikana kama kotonii, ndiyo isiyostahimili joto. Katika miaka ya 2000 na iliyofuata ilikufa mara kwa mara katika maji ya kina kifupi, na wakulima wengi walilazimika kubaki na spinosamu, yenye bei ya chini. Sababu ni zaidi ya moja, yakiwemo magonjwa, lakini joto ni kubwa miongoni mwake. Maji yaliyo ndani ya mwamba hupashwa haraka na jua la kaskazi, wakati upepo umetulia. Maji ya bahari kuu yanapoingia kwa wingi, huyapoza. Wakati wa maji mafu ubadilishanaji huo hupungua, na joto hubaki shambani. Jina lenyewe, maji mafu, lilikwisha kueleza hali hiyo. Watafiti wamewasaidia baadhi ya wakulima kuhamia kwenye kina kirefu zaidi kwa kutumia nyavu za mirija. Lakini kina kirefu kinadai chombo na kujua kuogelea, na si wote wenye uwezo huo.

Mfano wa pili ni matumbawe. Mwaka 1998, baada ya El Niño kali, joto la Bahari ya Hindi lilipanda na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa. Yalipauka tena mwaka 2016. Hata hivyo hayakuathirika kwa usawa kila mahali. Utafiti ulioongozwa na Tim McClanahan, uliotangazwa mapema mwaka 2021, ulionyesha kuwa ukanda wa kutoka Shimoni, Kenya, hadi Dar es Salaam ni kama kimbilio la matumbawe, kwa sababu maji baridi ya vilindi huupoza. Watafiti hao walieleza kuwa mifereji mirefu ya chini ya bahari inayoleta maji hayo ilichimbwa maelfu ya miaka iliyopita na maji yaliyotiririka kutoka barafu ya Kilimanjaro na kutoka milima ya Usambara. Wenzangu wa Meru na Kilimanjaro, milima yetu ilishiriki kuichonga bahari.

5.0 Kutoka Meru hadi Pangani

Uhusiano huo wa mlima na bahari unaendelea hadi leo, na si wa heri tupu. Mto Pangani, ukihesabiwa pamoja na Kikuletwa, husafiri takribani kilomita 500. Hapa juu, maji hugawanywa kwa mifereji ya umwagiliaji ambayo wazee wa Kimeru na wa Kichaga waliisimamia kwa vizazi vingi. Kisha huja mashamba makubwa, miji, bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kinachofika mlangoni mwa mto ni mabaki.

Mlangoni hapo maji baridi ya mto hukutana na maji ya chumvi ya bahari. Mto ukiwa na nguvu, husukuma chumvi nje. Mto ukidhoofika, bahari hupenya ndani, na bamvua huipeleka mbali zaidi. Wakazi wa bonde la chini la Pangani wameyaona maji ya chumvi yakipanda mtoni na kuathiri mashamba yao. Wao huiona bamvua kwa macho. Wasichokiona ni mfereji wa Arumeru. Nasi tunauona mfereji, hatuioni bamvua. Lugha tunayoshirikiana ndiyo njia pekee ya kuyaunganisha maono haya mawili, na ndiyo maana wanaisimu hawawezi kujitenga.

Hapa jirani tuna mahali paitwapo Maji ya Chai. Muundo wake ni uleule wa maji ya bamvua: nomino maji, kihusishi -a, na nomino inayoeleza sifa. Watu wa bara na watu wa pwani huyaainisha maji kwa kanuni moja ya sarufi. Tofauti ni kwamba wa bara hueleza zaidi rangi na ladha, na wa pwani hueleza zaidi mwendo.

6.0 Suala la istilahi

Nije sasa kwenye kiini cha mhadhara huu. Tunapoyaeleza mambo haya kwa Kiswahili sanifu darasani, katika habari au katika tahadhari za serikali, tunatumia maneno gani? Nina hoja nne.

Hoja ya kwanza inahusu neno mkondo. Lina maana mbili zinazogongana. Ni mwendo wa maji, na pia ni njia ya maji kati ya nchi kavu mbili. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, magazeti yaliandika kuwa imezama katika mkondo wa Nungwi. Je, msomaji alielewa kuwa ni mahali au kuwa ni maji yanayokwenda? Katika habari ya kawaida utata huo huvumilika. Katika sayansi hauvumiliki. Napendekeza mkondo libaki kwa mwendo wa maji, na mlango wa bahari litumike kwa mahali.

Hoja ya pili inahusu "mkondo wa joto", istilahi iliyozoeleka katika vitabu vya jiografia. Kisarufi, mkondo wa joto ni joto linalotiririka, kama vile mkondo wa umeme ni umeme unaotiririka. Linalokusudiwa ni maji. Mkondo wa maji ya uvuguvugu ni refu zaidi, lakini halimpotoshi mwanafunzi. Kosa la namna hiyo limo pia katika "wimbi la joto baharini", linalotumiwa kumaanisha siku au wiki za joto lisilo la kawaida katika maji. Mvuvi akiambiwa kuna wimbi, atatazama juu ya maji kutafuta wimbi. Tuseme kipindi cha joto kali baharini, naye ataelewa mara moja.

Hoja ya tatu inahusu kuchanganya. Kiswahili kinatofautisha mchanganyo, ambalo ni tendo, na mchanganyiko, ambalo ni tokeo. Tofauti hii inatoka katika kitenzi chenyewe: changanya ni ya kutenda, changanyika ni ya kutendeka. Vitabu vingi hutumia mchanganyiko kwa yote mawili. Mwanasayansi wa bahari anahitaji kusema kwamba mchanganyo wa bamvua ulileta mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini. Lugha ina nyenzo hiyo tayari, nasi tunaiacha bila kuitumia. Vivyo hivyo kuhusu maji ya bahari kuingia mahali yasipokuwapo: kuna wanaosema uvamizi, neno linalodai nia na uadui. Upenyaji linatosha, na lina ukweli zaidi, kwani maji hupenya pale penye nafasi.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Wapo wanaosikitika kwamba Kiswahili hakina nomino moja ya kutaja kwa jumla maji kujaa na kupwa, na kwa ajili hiyo wengine hutumia "mawimbi". Hilo ni kosa la maana, kwa kuwa wimbi na kupwa ni vitu viwili tofauti. Lakini masikitiko yenyewe yanatokana na kuipima lugha yetu kwa kipimo cha lugha nyingine. Kiswahili kilichagua vitenzi viwili vinavyokamilishana, na vitenzi hivyo vinabeba wakati, hali na mtenda. Maji yanajaa, yamejaa, yanakupwa, yamekupwa: mvuvi anajua mara moja afanye nini. Kujaa na kupwa ni istilahi kamili, na iachwe kama ilivyo.

Napenda kujibu pingamizi moja. Inasemwa kuwa msamiati wa mabaharia ni wa mahali, hubadilika kutoka Lamu hadi Mafia, na hauwezi kubeba sayansi. Ni kweli kuwa hubadilika. Lakini usanifishaji haukuanzia mahali pasipo na lahaja. Ulichagua miongoni mwa lahaja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lipo kwa ajili ya kazi hiyo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978 ina wataalamu wa kuthibitisha maana. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha wanasayansi, wanaisimu na wavuvi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitolewa kwa Kiswahili. Katika saa kama hizo hakuna muda wa kufafanua istilahi. Neno lieleweke tangu linapotamkwa, au halina faida.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kuwa maneno kusi, kaskazi, bamvua, maji mafu, kupwa na kupwelewa ni maarifa yaliyopangwa, yenye mantiki inayokubaliana na kile ambacho vipimo vimethibitisha. Wavuvi vijana wanaosafiri kwa mashine hawahitaji tena baadhi ya maneno hayo kama walivyoyahitaji baba zao waliotumia tanga, na neno lisilohitajika kila siku hupotea upesi. Linapopotea, hupotea na tofauti liliyokuwa likiitunza.

Kwenu wanafunzi, ninayo kazi ya kuwapa. Wenye kwenu pwani, mkirudi likizo, kaeni na wazee na wanawake wa mashamba ya mwani. Andikeni maneno yao pamoja na sentensi zao, siku ya mwezi waliyoyasema, na hali ya maji siku hiyo. Wenye kwenu hapa Meru, fanyeni vivyo hivyo kwa msamiati wa mifereji, kwa Kiswahili na kwa lugha zenu za nyumbani. Kamusi ya maji ya nchi hii itakayoanzia mlimani na kuishia mlangoni mwa Mto Pangani bado haijaandikwa, na wa kuiandika ni ninyi.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Husemwa kwa kumwonya mwenye makuu. Kwa mwanaisimu, msemo huo ni ushahidi pia kwamba waliotutangulia waliitazama bahari kwa makini, wakapata kanuni, wakaiweka katika maneno matatu.